Mseto Mbovu wa Kasese: Waya Mmoja na Jenereta

Kuna imani moja imekita mizizi Kasese na Bwera, magharibi mwa Uganda, na hakuna anayeiuliza maswali. Inasema: umeme wa kweli ni ule unaokuja kwa waya. Sola ni ya kumsogezea siku mtu ambaye waya haujamfikia. Na waya ukikatika? Jenereta si ipo, washa. Utaisikia kwa mwenye duka Mpondwe, kwa diwani anayeomba kura, kwa mhandisi aliyeshuka kutoka Kampala na kofia yake ngumu. Inasemwa kwa utulivu wa mtu anayejua mambo, na mwenye kupendekeza vingine huambiwa kwamba ametumwa na wafadhili.

Nami nasema imani hii ni ghali, haijawahi kupigiwa hesabu, na wanaoihubiri hawajatazama kilicho nyuma ya nyumba zao. Wanaukataa umeme mseto ilhali wanaishi nao kila siku. Waya wa gridi pamoja na jenereta nyuma ya duka ni mfumo mseto: vyanzo viwili, kimoja kikilala kingine kinaamshwa. Na kati ya miseto yote ambayo mtu angeweza kuitunga katika wilaya yenye milima ya Rwenzori upande mmoja na jua la bonde la ufa upande wa pili, huu ndio mbovu kuliko yote. Kwa hiyo ubishi wa "gridi au sola" tuwaachie wauza maneno. Kinachobishaniwa ni mseto upi.

Tuanze na jenereta, maana ndiyo inayosifiwa. Dizeli ina sifa moja nisiyoweza kuikana: unaiona. Imo kwenye dumu, unalitikisa, unajua imebaki kiasi gani. Jua huwezi kulitikisa. Nadhani nusu ya heshima ya dizeli inatoka hapo. Lakini lifuate dumu hilo hadi lilikotoka. Mafuta yanashushwa Mombasa, yanasukumwa kwa bomba hadi Eldoret au Kisumu, yanapakiwa kwenye malori, yanavuka Malaba au Busia, yanapita Kampala, na ndipo yanaanza safari ya kuja magharibi. Yakifika Bwera yamesafiri zaidi ya kilomita 1,500, na kila mpaka, kila mgomo, kila uchaguzi wa jirani una mkono wake ndani ya bei. Januari 2008 ghasia za baada ya uchaguzi wa Kenya zilivikausha vituo vya mafuta vya Uganda. Januari 2022 ikawa foleni ya Malaba: madereva waligoma kupinga vipimo vya lazima vya korona, na kuna mahali lita moja ilifika shilingi 10,000. Huo ndio uhakika tunaosifiwa. Kasese yenyewe haikuwa na vita wala mafuriko mwezi ule. Mtu alipimwa pua Malaba, jenereta ikazimika Bwera.

Bei nayo tuipige hesabu hadharani, kwa sababu wanaoitetea dizeli huwa hawaifikishi mwisho. Jenereta ya kati, yenye afya, iliyopewa mzigo unaoitosha, hutoa uniti kama tatu kwa lita. Lita ya dizeli tuiweke shilingi 5,000, bei ambayo watu wameizoea miaka ya karibuni. Uniti moja basi ni zaidi ya shilingi 1,600 kwa mafuta peke yake, bila oili, bila chujio, bila fundi, bila bei ya mashine. Mwananchi wa kawaida hulipa chini ya shilingi 800 kwa uniti ya gridi. Hapo nimeitendea dizeli hisani, kwa maana jenereta za kwetu ni chache sana zinazopata mzigo unaozitosha. Hospitali hununua mashine kubwa kwa ajili ya siku ambayo kila kitu kitawashwa pamoja, halafu usiku inaunguruma kwa ajili ya taa za wodi na friji mbili. Ikifanya kazi kwa robo ya nguvu yake hutoa uniti mbili kwa lita, au chini ya hapo, huku mafuta yasiyoungua vizuri yakiichafua ndani na kuifupishia maisha. Vijenereta vidogo vya petroli vinavyonguruma mbele ya saluni na vibanda vya kuchajia simu ni vibaya zaidi. Vingine havitoi hata uniti moja na nusu. Uniti ya shilingi 2,500, 3,000 na zaidi inanunuliwa Bwera na watu walewale wanaosema sola ni ghali.

Hawaioni gharama hiyo kwa sababu inalipwa dumu kwa dumu. Paneli na betri zinadai pesa kwa mkupuo mmoja, na mkupuo unatisha. Hilo ni tatizo la mkopo, na mikopo Kasese watu wanaielewa: wakulima wa kahawa wa Bukonzo walianza kuweka na kukopeshana kwa vikundi miaka mingi kabla benki haijawakumbuka, na kutoka humo ukakua ushirika wa Bukonzo Joint, Kyarumba, unaouza arabika nje ya nchi. Mtu anayeweza kukopa kwa ajili ya mashine ya kumenya kahawa anaweza kukopa kwa ajili ya betri. Akiwa na mahali pa kukopa, bila shaka.

Hoja inayofuata ndiyo wanayoitegemea zaidi, na inastahili kujibiwa kwa kirefu. Wanasema: Uganda sasa ina umeme wa ziada. Karuma na megawati zake 600 ilizinduliwa 2024. Isimba ipo tangu 2019, Bujagali tangu 2012. Kuna wakati serikali imelipia umeme ambao haukutumika. Kwa nini basi tuhangaike na vipaneli, wakati kilichobaki ni kuvuta waya tu?

Jibu la kwanza liko mitoni. Kama wingi wa megawati ndio dawa, Kasese ingekuwa imepona zamani. Miaka ya 1950 mto Mubuku ulianza kuzungusha mtambo kwa ajili ya migodi ya shaba ya Kilembe. Baadaye Kasese Cobalt, kampuni iliyokuja kukamua kobalti kutoka kwenye masalia ya shaba ile, ikajenga mtambo wake wa megawati 10 kwenye mto huohuo. Mwaka 2009 ukaongezeka mtambo wa Bugoye, megawati 13, kwa fedha na utaalamu wa Wanorwei. Kisha ukaja mpango wa GET FiT wa kuhimiza mitambo midogo ya nishati jadidifu, na mito mingine ikafungwa nira: Nyamwamba, Nyamugasani, Rwimi, na Lubilia pale mpakani na Kongo. Ni wilaya chache Uganda zenye mitambo mingi hivi. Ziada ilishuka kutoka mlimani, ikapita juu ya mapaa ya watu kwa nyaya nene, ikaenda zake. Mwaka 2012, wilaya ilipozindua pamoja na WWF mkakati wa kufikia nishati jadidifu kwa asilimia 100 ifikapo 2020, waliokuwa na umeme wa gridi hawakufika kaya moja kati ya kumi. Penye miti hakuna wajenzi.

Kasese haiko peke yake katika hili. Katika kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya, zilisimikwa turbine 365 za upepo zenye uwezo wa megawati 310, na umeme wake ukaanza mwaka 2018 kusafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Mji wa Marsabit wenyewe uliendelea kwa miaka kutegemea kituo chake cha dizeli. Megawati zina tabia hiyo: huenda kule laini kubwa inakoelekea, na anayeishi chini ya laini hubaki akitazama juu.

Lakini jibu la pili ndilo ninalotaka msomaji akae nalo. Mtambo wa Lubilia una uwezo wa megawati 5.4 na uko jirani na Bwera. Mji wa ukubwa wa Bwera na Mpondwe hauhitaji megawati nyingi. Mto Lubilia hautiririki kwa amri ya Kampala. Mtu wa kawaida angedhani basi kwamba laini ikikatika huko mbali, Bwera inaendelea kuwaka kwa maji ya Lubilia. Sivyo mambo yanavyokwenda. Mitambo midogo ya aina hii, iliyounganishwa kwenye laini ya usambazaji, kwa kawaida hujizima yenyewe gridi inapokufa. Maji yanaachwa yapite pembeni, turbine inasimama, na ng'ambo ya kilima mwenye duka anavuta kamba ya jenereta.

Sababu zake si za kipuuzi. Fundi aliyepanda nguzo akiamini waya umekufa atauawa na mtambo ulioendelea kuulisha kimyakimya. Tena gridi ndiyo inayoweka mapigo, mara 50 kwa sekunde, na mtambo mdogo hufuata. Gridi ikiondoka, kila mtu akizima au kuwasha kinu cha kusaga, mapigo yanapanda na kushuka, volteji inayumba, na friji za watu zinaungua. Ili Lubilia ilishe Bwera peke yake inahitaji swichi ya kuutenga mji na laini kuu, kidhibiti cha mwendo chenye wepesi, na kitu cha kushika mapigo katika zile sekunde chache ambazo maji hayajapata muda wa kuongezwa au kupunguzwa. Kitu hicho kipo, na bei yake imeshuka sana katika miaka kumi na mitano iliyopita. Ni betri kubwa yenye inveta inayoweza kuunda gridi yenyewe badala ya kuifuata.

Hapo ndipo imani ya waya inapoanguka. Mfumo ninaoutetea kwa Bwera haushindani na gridi hata kidogo. Unakaa mkiani mwa gridi: mto uliopo tayari, uwanja wa paneli, betri ya kutosha, na jenereta moja ndogo ya akiba. Gridi ikiwapo, mji unanunua na kuuza. Ikiondoka, mji unajitenga na kuendelea. Anayeniambia "subiri laini iimarishwe" ananiambia nisubiri nguzo zaidi juu ya njia ileile moja ndefu, ambayo mti mmoja ukiangukia, au mto mmoja ukifurika, ziada yote ya Karuma inakuwa habari ya redioni.

Na mito ya Kasese hufurika. Tarehe 1 Mei 2013 Nyamwamba iliingia Kilembe na kusomba nyumba na madaraja. Mei 2020 mito kadhaa ya wilaya ilivunja kingo kwa pamoja, na safari hiyo Hospitali ya Kilembe iliharibiwa kiasi kwamba wagonjwa walihamishwa. Mpinzani wangu atadaka neno hapa: kumbe mito nayo si ya kutegemewa! Ndiyo, ndugu yangu, ndiyo maana nasema mseto. Mto peke yake ni kosa lilelile la waya peke yake.

Tuangalie majira ya mwaka. Mitambo ya Rwenzori haina mabwawa makubwa ya kuhifadhi maji, inatumia kinachopita. Mvua zikija, Machi hadi Mei, kisha tena kuanzia Agosti au Septemba hadi Novemba, mito inajaa. Januari na Februari, na Juni na Julai, inapungua, na mitambo inatoa sehemu tu ya uwezo wake. (Kuna wanaoomboleza theluji ya kilele cha Margherita kwamba ikiisha umeme wetu umekwisha. Theluji inaisha kweli, na ni msiba wa aina yake, lakini mchango wake katika maji ya mito hii ni mdogo mno. Mvua na ardhi oevu za mlimani ndizo zinazotunywesha.) Sasa nani asiyeijua Kasese ya chini mwezi Februari? Tambarare imekaa kwenye kivuli cha mvua cha mlima, karibu kabisa na ikweta, na joto lake ni la hasira. Miezi ambayo mto umekonda ndiyo miezi ambayo jua limenenepa. Wanaolipa pesa nyingi kutafuta uwiano kama huu kwingine duniani wangetuonea wivu.

Tanzania wameshajaribu jambo la jinsi hii, na halikuhitaji miujiza. Mufindi, mkoani Iringa, mtambo wa maji wa Mwenga wenye megawati 4 umekuwa ukilisha vijiji tangu 2012. Kiangazi maji yakawa yanapungua. Mwaka 2020 wakasimika turbine za upepo za megawati 2.4, kwa kuwa pale upepo huvuma vizuri kiangazi. Hakuna aliyeitisha mdahalo kama upepo ni wa maskini. Waliona pengo, wakaliziba kwa kilichokuwa karibu.

Nikirudi Bwera, kuna sababu nyingine inayofanya suala hili lisiwe la starehe za umeme. Hospitali ya Bwera iko kwenye mpaka wenye shughuli nyingi na Kongo. Juni 2019, mtoto wa miaka mitano aliyevuka kutoka Kongo na familia yake alifikishwa Hospitali ya Kagando, akagundulika ana Ebola, akahamishiwa kitengo maalumu cha Bwera na kufia huko. Bibi yake alifuata. Ugonjwa haukuenea Uganda, na sifa ziliwaendea, kwa haki, wahudumu wa afya na chanjo. Chanjo hiyo hutunzwa katika baridi ya kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Friji ya namna hiyo haibembelezwi. Mtu anayesema Bwera itatosheka kwa waya mmoja mrefu na dumu la dizeli aende aseme hivyo mbele ya mfamasia wa hospitali ya mpakani, siku ambayo Beni, ng'ambo ya mpaka, imetangaza mlipuko mwingine.

Na hospitali si lazima isubiri taifa zima. Kisiizi, wilaya ya Rukungiri, hospitali ya misheni imekuwa ikijizalishia umeme kwa maporomoko yaliyo ubavuni mwake kwa miaka mingi, na mtambo wake wa karibu kilowati 300 unauza kwa majirani pia. Ng'ambo ya mlima wetu huu, upande wa Kongo, Mutwanga ilipata mtambo wa kilowati 400 mwaka 2013 kupitia Hifadhi ya Virunga, na viwanda vidogo vikafuata, kikiwamo cha sabuni. Beni, mji ambao wafanyabiashara wa Mpondwe wanaujua mtaa kwa mtaa, uliona gridi ndogo ya sola ya kampuni ya Nuru mwaka 2017, na kampuni hiyohiyo ikawasha mfumo wa megawati 1.3 Goma mwaka 2020: jua, betri, na jenereta ya akiba. Katika jimbo lenye vita! Sisi wenye amani ya kiasi, wenye barabara ya lami na ziada ya Karuma, ndio tunaoambiana haiwezekani.

Sasa niwageukie wa upande wangu, maana nao wana deni.

Ule mkakati wa 2012 ulikuwa na kaulimbiu nzuri, asilimia 100 ifikapo 2020. Mwaka 2020 ulifika, ukaleta mafuriko na korona, na majiko ya mkaa yakaendelea kufuka. Kaulimbiu ile iliwapa wapinzani silaha ambayo bado wanaitumia. Vivyo hivyo vituo vya afya vijijini vilivyofungiwa sola kwa fedha za miradi: sherehe ya uzinduzi, picha, kibao chenye majina ya wafadhili, na baada ya miaka michache betri zimevimba na paneli ziko juu ya paa zikitazama mbingu bila kazi. Watu wameyaona haya kwa macho yao. Huwezi kuwaambia hawakuyaona.

Ila tuulize kilichokufa ni kipi. Paneli haikufa, paneli nzuri hukaa zaidi ya miaka 20. Zilizokufa ni betri za risasi na asidi, ambazo zikikamuliwa hadi chini kila usiku haziwezi kumaliza miaka mingi, na hilo lilijulikana siku zilipofungwa. Katika bajeti za vituo vingi hapakuwa na fungu la kununua nyingine. Kulikuwa na fungu la dizeli. Niruhusu nilirudie hili kwa namna nyingine: kituo kiliruhusiwa kununua mafuta kila mwezi, lakini hakikuruhusiwa kununua betri kila baada ya miaka minne. Halafu ikasemwa sola imeshindwa. Betri za lithiamu za leo huchajiwa na kukamuliwa maelfu ya mara, yaani zinaweza kwenda miaka kumi hivi zikitunzwa, lakini nazo zitakufa, na fungu lake lisipoandikwa leo, historia itajirudia kwa bei kubwa zaidi.

Kosa la pili la wenzangu ni kuifanya dizeli kuwa haramu. Hapa nitaonekana msaliti. Chukua kijiji cha wavuvi kando ya Ziwa George au Ziwa Edward ambacho waya haujakifikia, tuseme kinahitaji uniti 100 kwa siku kwa taa, friji za samaki, simu na kinu. Kwa dizeli peke yake ni uniti 36,500 kwa mwaka. Kwa uniti tatu kwa lita ni zaidi ya lita 12,000, yaani shilingi milioni 60 hivi, kila mwaka, bila kikomo. Weka paneli za kilowati 30 na betri ya kuuvusha usiku, na karibu siku zote za mwaka umemaliza. Zinabaki zile siku za Aprili na Novemba, mawingu yamelala siku tatu mfululizo. Ukitaka kuzivuka kwa betri, itabidi ununue betri mara mbili au tatu ya zile ulizonazo, zikae bure mwaka mzima zikisubiri siku kumi. Ukitumia jenereta ndogo kwa siku hizo kumi, ni lita kama 330, shilingi milioni moja na laki saba hivi. Mwenye akili anachagua jenereta. Asilimia tatu ya dizeli ndiyo inayoifanya asilimia tisini na saba ya jua iwezekane kwa bei ya mtu wa kawaida. Anayedai asilimia 100 kwa ajili ya usafi wa kaulimbiu anakipandishia kijiji gharama hadi mradi unakufa, na dizeli inarudi yote.

Uganda haina haja ya kwenda Ulaya kujifunza hili. Katika kisiwa cha Bugala, Kalangala, mfumo wa sola na dizeli wa megawati 1.6 umelisha kisiwa kwa miaka kadhaa. Ungeweza kulalamika kwamba dizeli ilikuwa na sehemu kubwa mno katika mseto ule, na ningekubaliana nawe. Hayo ndiyo mabishano ya maana: ukubwa wa betri, si kama jua lina nguvu.

Bei za walaji ni eneo ambalo siasa huharibu mapema. Huko Ukara, kisiwani Ziwa Victoria upande wa Tanzania, kampuni ya Jumeme iliwasha mseto wa jua na dizeli mwaka 2016. Bei ilikuwa juu mara kadhaa kuliko ya TANESCO, shirika la umeme la taifa, na wananchi walinung'unika kwa haki. Mwaka 2020 serikali ikaagiza gridi ndogo zitoze shilingi 100 kwa uniti, kama vijiji vya TANESCO. Kwa mlaji ilikuwa sikukuu. Lakini bei ya TANESCO inabebwa na taifa zima. Ya kisiwa ilitakiwa kubebwa na kampuni, na mwenye kuwekeza akajifunza somo lake. Usawa wa bei ni jambo jema. Anayeutaka lazima aseme nani analipa tofauti, kama inavyolipwa kimyakimya tofauti ya laini ndefu zinazopelekwa vijijini kwa hasara.

Na "subirini laini"? West Nile walisubiri. Arua, mji wake mkuu, iliishi kwa mashine za mafuta kwa miaka, ikapewa mtambo wa Nyagak wa megawati 3.5 mwaka 2012 baada ya ahadi nyingi, na haikuunganishwa na gridi ya taifa hadi 2024. Mtoto aliyezaliwa Arua mwanzoni mwa karne hii alimaliza shule akisoma kwa umeme wa saa chache. Aliyemwambia asubiri hakurudi kumwomba radhi.

Umeme, ile kampuni ya kusambaza umeme, iliondoka Machi 2025 baada ya miaka 20, na UEDCL, kampuni ya serikali, ikakabidhiwa nyaya. Kwa hiyo mikataba na vipaumbele vinaandikwa upya sasa hivi, na sasa ndipo mahali pa kupigania. Mamlaka ya Udhibiti wa Umeme inaweza kuamuru kwamba mtambo wa maji ulio jirani na mji wa mpakani uwe na uwezo wa kuulisha mji huo laini kuu inapokufa, na kwamba gharama ya swichi na betri iingie kwenye hesabu za bei kama inavyoingia gharama ya nguzo. Wilaya ya Kasese inaweza kuanza na hospitali na vituo vya afya vya ngazi ya nne. Wizara ya Afya inaweza kuandika fungu la betri pale palipo na fungu la dizeli, kwenye ukurasa uleule.

Wanaoshikilia kwamba hayo yote ni ndoto ya wafadhili, na kwamba waya na jenereta vinatosha, wana njia rahisi ya kuninyamazisha. Kila taasisi ya umma yenye jenereta ina daftari la mafuta: tarehe, lita, saa zilizowashwa, sahihi ya dereva. Yafunguliwe ya miaka mitano, ya Bwera, ya Kasese mjini, ya kila kituo kati ya Kikorongo na mpaka. Zijumlishwe lita, ziandikwe shilingi, na pembeni ziwekwe bei za betri za mwaka huu.